Nilimnyoa Jogoo, Nikampa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kama utacheka, cheka kwanza umalize, maana mwenzako hata kucheka siwezi. Mimi ni fundi wa makochi, miaka hamsini na miwili, nina kitambi na mvi za kutosha kuheshimiwa, lakini nyuma ya nyumba nafuga kuku wa manyoya, wale wadogo wapole ambao ukiwashika ni kama umeshika paka, miguu imevaa soksi, kichwani wana kishungi kama bonge la pamba, siwali wala siwauzi, nawaogesha kwa shampuu ya mke wangu na kuwakausha kwa mashine yake ya nywele, na pale karakana mafundi wenzangu wananiita Mama Vifaranga, na mimi naitika.

Sasa mama mkwe wangu alifiwa na mumewe mwaka jana, anaishi peke yake chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji wengi, akaniomba, "Baba, nipe mmoja nimpakate, ila awe jike, mwenye nyumba hataki jogoo." Nilikuwa na wawili wa miezi mitano, mmoja jike safi niliyemtaka aniatamie mayai, na wa pili nilishamshuku, kwani kuku hawa kuwatambua ni kazi, mfugaji huangalia kishungi, cha jike ni mviringo, cha dume nywele hulala kwa nyuma, na za huyu zililala, mshauri, niliziona kwa macho yangu mawili, nikachukua mkasi wa kukatia vitambaa vya makochi nikampunguza mpaka kichwa kikawa duara, nikampuliza hewa ya moto akatuna, nikampeleka. Mama akanibariki. Kwa weupe wake akamwita Bibi Harusi.

Wiki ya tatu Bibi Harusi akawika.

Sasa anawika kila alfajiri, mama anamfunika kwa kapu na mablanketi mawili, wapangaji wanagonga ukuta, mwenye nyumba amesema mwisho wa mwezi kuku aondoke au waondoke wote wawili, na kinachonimaliza ni juzi tulipokwenda kumsalimia, akamwambia mke wangu, "Usimlaumu mumeo. Huenda mimi ndiye nimemlea vibaya, namwongelesha mno, kama nilivyokuwa naongea na marehemu." Mke wangu akanishika mkono, akasema nina moyo mzuri. Je, nimwambie mama ukweli, au nimchukue jogoo kimyakimya nidai amepotea?

Wako, Mama Vifaranga

*

Mama Vifaranga,

Nimecheka kama ulivyoniruhusu, mpaka nilipofika pale mama anapojilaumu. Hapo nikavua miwani.

Kumpenda kuku si aibu. Mimi na utu uzima wangu nina samaki kwenye bakuli, na kila asubuhi namuuliza ameamkaje. Aibu yako iko kwenye mkasi. Mfiwa amekuomba kitu cha kupakata, ukampa ulichotaka kukiondoa, tena ukakipamba. Na sasa "amepotea"? Yaani mjane azunguke uani akimwita kuku uliyemficha wewe? Thubutu!

Mkeo mwambie leo, asije akayasikia kwa mama yake. Kesho, kabla hujafungua karakana, nenda peke yako, kaa chini, sema: "Mama, nilijua ni jogoo. Nilimnyoa." Ukimaliza, nyamaza. Neno "lakini" liache nyumbani. Na usiende na yule jike kwapani, maana ukweli ukiandamana na zawadi unanuka rushwa. Mama akufokee kwanza, ni haki yake, ndipo umfuate jike wako kipenzi umkabidhi. Ndiyo, huyo huyo. Utaumia. Vizuri.

Kwa adabu mwombe mama akurudishie jogoo, umjengee banda kwako, na mama umpe ufunguo wa geti aje kumpakata siku yoyote.

Ila jiandae. Huenda akakwambia hamtaki jike wako, anamtaka Bibi Harusi wake, ambaye amekwisha kumsimulia mambo yote ya marehemu. Ikiwa hivyo, ondoa masponji na vitambaa ambavyo fundi kama wewe hakosi kuvijaza chumba cha mbele, ukipige deki, uwahamishie kwako wote wawili, mama na jogoo.

Atawika dirishani kwako kila alfajiri. Usimfunike kapu.