Mlango wa Ini

Jumatano, baada ya swala ya alfajiri

Watu wengi hudhani kirusi huvunja mlango wa seli. Hakivunji. Hubisha hodi kama mgeni anayetazamiwa, na seli yenyewe hukifungulia.

Jana kwenye kongamano la virolojia, msemaji mmoja kijana alituonyesha hayo kwa picha: kirusi cha hepatitisi B kikipokelewa na seli ya ini, kwa mlango ule ule unaopitisha chumvi za nyongo. Ukumbi ukapiga makofi. Mikono yangu ilibaki mapajani. Kwa mlango huo huo kiliingia kwenye ini la mke wangu Mwajuma, na tulimzika kabla ya Ramadhani.

Wakati wa chai nilimpigia simu binti yetu Zainabu, dukani kwake mtaani Buyenzi. Kirusi hicho huweza kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto siku ya kuzaliwa, na kikijulikana mapema kuna dawa ya kukituliza. Nimemweleza hayo tangu matanga, akapime.

“Papa, we na virusi yako! Mi niko muzima.”

Ndivyo mama yake alivyokuwa akisema, kwa sauti hiyo hiyo.

Nikasikia mafundi wakigonga vyuma nje ya duka. Kisha akasema polepole, “Na kama wananikuta nayo, we utabakia na nani?”

Maisha yangu yote nimefundisha, na hata yeye nilikuwa nikimfundisha tu.

Najiambia: usimweleze tena, mzee. Leo, kabla hajafungua duka, nenda umshike mkono, mwende wote maabara.