Ule mstari wa kumshukuru nyanya

Jemima, wameninyima hataza, ile haki ya kumiliki uvumbuzi. Ile njia yangu ya kulitoa kutu rojo la makumbi ya nazi, kisha kuling'arisha kwa dawa ya peroksidi, litoe karatasi nyeupe. Miaka minne imekwisha kwa simu moja.

Na hakuna aliyeniibia. Ni mimi mwenyewe, ni ule mstari wa kwanza wa ombi langu.

Uliniambia niufute. Nikakujibu kwamba mtu hajitangulizi mbele ya mkubwa wake. Nikaandika: "Nimejifunza kwa nyanya yangu Mwanasha wa Gazi. Tangu mwaka wa uhuru huloweka miyaa ya mikeka katika maji ya ukwaju kabla ya kuianika, ili kutu ya maji ya kisima isiitie madoa, na amewafunza wanawake wote wa kijiji."

Mkaguzi, Bwana Garama, alinisomea maneno hayo polepole. Akasema, "Kung'arisha rojo kwa peroksidi kunajulikana. Kutoa kutu kwanza kwa maji makali kama ya ukwaju, umesema mwenyewe kijiji kizima kinajua. Fundi yeyote angeyaunganisha hayo mawili. Uvumbuzi uko wapi, mwanangu?"

Uvumbuzi uko wapi.

Nikauliza kama naweza kuufuta mstari sasa. Akasema kilichosomwa kimesomwa.

Nyanya amepiga simu sasa hivi. Anauliza kama wakubwa wa Nairobi wameliona jina lake.

Nimemwambia wameliona.

Amesema, "Alhamdulillahi, basi ombi lako limepita."