Kurasa Mbili za Walinzi wa Kiti

Ulonje, 3 Mei 1954

Binti yangu Ikupa,

Salamu nyingi. Sisi huku milimani hatujambo, ila goti langu la kushoto na mvua iliyokataa kwisha. Mumeo Danford hajambo? Mtoto ameanza kukaa?

Nina kazi ya kukupa. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ametangaza kwamba kila chama kijiandikishe upya, kipeleke katiba na historia yake kabla Septemba haijaisha. Kisichopeleka kitafutwa. Walinzi wa Kiti hatuwezi kufutwa kwa sababu ya karatasi! Wewe ni mwalimu, una mwandiko mzuri. Andika kurasa mbili tu.

Historia ni hii. Mwaka 1946 serikali ilitaka baraza la mfalme wetu, Mwene Lusubilo, liongezewe watu wa kupigiwa kura. Wanaume kumi na watatu tukakutana nyumbani kwangu, tukasema hapana. Ufalme wa Ulonje ubaki kama mababu walivyouacha, baraza liwe la wazee wa koo, na mwanamke asiseme barazani. Nikawa katibu mpaka leo. Basi. Katiba nimeitia humu.

Baba yako,
Mbonile

Chapwa, 22 Mei 1954

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mtoto anakaa, na akianguka anakasirika kama babu yake.

Baba, kurasa mbili zinanishinda. Unasema 1946, lakini juu ya katiba imeandikwa 1947. Unasema wanaume kumi na watatu, nami nimehesabu alama za vidole gumba kumi na moja. Niandike ipi? Na Mwene mwenyewe alisemaje mlipoamua kumlinda?

Tena kuna jambo ambalo hukulisema. Katiba yote ni mwandiko wa Mama. Ndiye aliyenifundisha kuandika, siwezi kuukosea. Ilikuwaje?

Mwanao,
Ikupa

Ulonje, 11 Juni 1954

Ikupa,

Hatujambo. Nimekuomba historia, umeniletea mashtaka.

Mwaka ni 1946. Watson, mwenyekiti wetu, anasema 1947 kwa sababu hukumbuka kila kitu kwa kuzaa kwa ng'ombe wake, na wewe usimfuate. Wawili walikwenda zao kabla ya kuweka vidole. Mwene hakuulizwa. Mtu anayelindwa haulizwi.

Mama yako alishika kalamu tu. Sisi tulisema, yeye akaandika. Hilo usilitaje! Chama kinachosema mwanamke hana neno barazani, katiba yake iandikwe na mwanamke? Tutachekwa hadi Ikinga. Andika, uniletee upesi.

Baba yako,
Mbonile

Chapwa, 9 Julai 1954

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima.

Mama alipokuja kumwona mjukuu wake nilimwuliza mwenyewe. Alicheka mpaka akaweka mtoto chini. Anasema mlibishana siku tatu, kila mtu akasimamia lake na hakuna aliyekubali mwenzake ashike kalamu, mkamwita kutoka jikoni aandike. Pale mlipokubaliana aliandika maneno yenu. Pale mliposhindwana aliandika alivyoona yeye, nanyi mkaweka vidole bila kusoma, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari.

Baba, soma kifungu cha sita. "Mwanachama asimwondoe shuleni mtoto wake, wa kiume wala wa kike." Mwaka ule nilikuwa namaliza darasa la nne. Nakumbuka Mzee Watson alikuja kukwambia unitoe niolewe, ukamjibu, "Katiba hairuhusu." Nilidhani kifungu hicho umekitunga wewe. Miaka yote hii nakushukuru wewe kwa kazi ya Mama!

Nimeandika kurasa mbili, ziko humu. Jina la Roda, mke wa katibu, liko kwenye mstari wa tatu. Ukitaka kulikata, kalamu ni yako. Mkono wangu haukati.

Mwanao,
Ikupa

Chapwa, 30 Agosti 1954

Baba,

Shikamoo. Wiki saba sijapata hata mstari mmoja. Danford anasema nikuombe radhi. Sijui niombe radhi kwa lipi. Niambie tu kama u mzima.

Ikupa

Ulonje, Ijumaa, 22 Oktoba 1954

Binti yangu Ikupa,

Mimi mzima. Goti limepona, mengine yote yameharibika.

Nilikaa na kurasa zako nikiwa na hasira. Kalamu niliishika mara nyingi. Kisha nikasoma katiba yote mwenyewe, kwa mara ya kwanza, nikaona vifungu vile ambavyo nimejivunia kuliko vyote si vyangu hata kimoja. Sikukata.

Septemba tuliwaita wanachama, na Mwene akahudhuria. Nikasoma kurasa zako kwa sauti. Nilipofika mstari wa tatu Watson akasimama. "Futa jina hilo!" Nikamwambia, "Miaka minane tunabishana mwaka, leo nimepata jambo moja la hakika, halafu nilifute?" Kelele zikawa nyingi. Wakanivua ukatibu palepale, wakagombana nani achukue, na kati yao hakuna aliyeweza kuandika.

Mwene akanyanyua mkono. Akasema miaka yote hiyo alitaka wale watu wa kupigiwa kura, ila kila akifungua kinywa tulimwambia tunamlinda. Kisha akamtuma mtu nyumbani kwetu. Mama yako akaja na unga mikononi, akaambiwa aseme. Akasema! Alitueleza katiba yetu kifungu kwa kifungu, na tulikokosea.

Kwa ugomvi ule karatasi hazikupelekwa. Septemba ikaisha, nacho chama kikafutwa. Niliumia, Ikupa, sitakuficha. Ni miaka minane ya umri wangu.

Sasa Mwene amemfanya mama yako karani wa baraza. Kila Ijumaa anaondoka asubuhi, nami nabaki na njaa na mbuzi. Jana nilimwambia nina neno juu ya njia ya maji, alifikishe kwa Mwene. Akaniuliza jina langu kamili, akaliandika. Akasema mbele yangu wako watu tisa, nisubiri zamu yangu.

Baba yako,
Mbonile