Zaituni Hana Ukoo Huko Mlimani

Jumapili, 4 Oktoba 1998
Zaituni ametoka sasa hivi kuvuta utepe wote wa kaseti ya bibi yake. Kajizungushia shingoni, anacheka. Nimeurudisha kwa penseli. Kaseti ya mama mkwe hiyo, imetoka Indonesia, milimani kwao Minangkabau. Imepona. Nyuma ya sauti yake jogoo bado anawika, mvua bado inapiga bati. Kama kwetu Uluguru kabisa. Nimelia.

Humo kwenye kaseti mama mkwe anasema twende kwao baada ya Ramadhani. Yusri, mume wangu, akanitafsiria, halafu akainuka kwenda zake. Nikambana. Akasema nyumba yao ile kubwa ni ya wanawake, vyumba ni vya mabinti. Yeye mwenyewe ni mgeni tu kwa dada zake. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Zaituni atabebwa, atalishwa, lakini ukoo pale hana.

Jumatano, 7 Oktoba
Bado inauma. Kwetu Waluguru pia mtoto ni wa mama. Ila mama yangu kafariki, dada sina. Zaituni ana mimi tu.

Nikamwambia Yusri, mwambie mama yako anichukue niwe binti yake. Kacheka mpaka kakohoa.

"Mama Zai, si tutakuwa ndugu! Ndoa ndiyo imekwisha hivyo!"

Aibu. Hata kwetu ukoo mmoja hauoani. Nilijua. Hamu tu.

Jumamosi, 10 Oktoba
Kumbe mwanamke wa ukoo mwingine anaweza kunichukua! Tumekwenda Takoma Park, mji wa jirani hapa ughaibuni, kwa Etek Murni, mjane wa kijijini kwao Yusri. Etek ni mama mdogo, wote wanamwita hivyo. Yusri kamweleza ombi langu, naye kanitazama kama anachagua nyanya. Kasema lazima kwanza awapigie simu kaka zake, wao ndio wasemaji wa ukoo.

Kwenye basi nilikasirika. Mimi si mbuzi wa kupimwa. Tulipofika nyumbani Adelphi hasira ilikuwa imeisha. Namtaka. Nataka mtu wa kumwita mama.

Jumapili, 18 Oktoba
Tuko kwa Etek. Kaongea na kaka zake muda mrefu, kaweka simu, kaingia moja kwa moja jikoni. Yusri yuko dirishani. Zaituni kasinzia mkekani. Naandika ili nisiutazame mlango wa jikoni. Wakikataa nitashukuru, nitamvalisha mtoto koti, tuondoke.

Harufu ya nazi na pilipili.

Anaita. Hajasema Mama Zaituni. Kasema binti yangu, njoo ukoroge nyama, mkono wangu umechoka, na mimi nina binti sasa.