Tuta la Mabilingani Usilifunue

Mama,

Tangu leo Tibirinzi nzima haina mkulima kama mwanao! Magugu basi! Matuta yote nimeyatandika majani makavu ya mgomba, unene wa vidole vinne, kama tulivyofundishwa skuli: gugu lisiloona jua halioti. Kuku wafukuze wasichakure. Maji mwagia shinani, polepole. Tuta la mabilingani usilifunue hata kidogo, limelala.

Ule ukindu wako wa mkeka wa arusi ya dada Mwanaasha ~~umepeperushwa na upepo~~

Haya. Bibi kanisimamia hapa, na kwa kuwa hizi herufi za Kizungu hazisomi, kanitaka nimsomee. Nimemsomea. Kasema, "Shaame, upepo gani huo uliovaa kofia, ukaubeba ukindu kwa mikono miwili huku unapiga mluzi?"

Basi, mama, majani yaliniishia, nikachukua lile fungu la nyuma ya jiko nikidhani nyasi kavu. Nilipomwagia, tuta likatoa maji mekundu. Rangi uliyoutia ukindu nzuri mno, wallahi!

Nakwenda Kengeja kutafuta ukindu mwingine kabla ya Ijumaa. Niwekee chakula.

Mwanao, ~~mkulima hodari~~ (Bibi kasema futa) mkata ukindu,
Shaame