Betri Nene na Betri Nyembamba

Jumatatu, 6 Oktoba

Tochi imezima tena kabla sijafika zahanati. Giza bado, ndege ndiyo kwanza wanaanza. Nilisimama katikati ya mikorosho nikaigonga kiganjani. Ikawaka, ikafa. Nikakimbia. Mtu mzima, nesi, nimevaa sare, nakimbia kama mtoto.

Betri iliyokuja na tochi imeandikwa 9900, eti ndicho kiasi cha umeme inachobeba. Haimalizi hata njia ya kwenda na kurudi. Na ni nyepesi kama kiberiti.

Wanasema fisi amekula mbuzi upande wa kisimani. Kwetu Njombe nilimsikia kwenye hadithi tu.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo si mbuzi. Bibi mmoja alitoka alfajiri kuokota korosho, akarukiwa kwa nyuma. Mkono, na kipande cha shavu. Nikasafisha, nikafunga, nikampakia kwenye gari la kwenda Newala nikaenda naye. Njia nzima ananiuliza, "Mwanangu, uso wangu upo?" Upo, bibi. Nilipomkabidhi hospitali nilikwenda nyuma ya jengo nikatapika.

Kisha nikaenda moja kwa moja kununua betri. Sikutaka kitu kingine chochote duniani.

Kumbe namba zao ni vipimo. 18650: unene milimita kumi na nane, urefu sitini na tano. 26650: urefu ule ule, ila unene ishirini na sita. Tochi yangu inapokea zote mbili. Ile nyembamba unaivalisha kibomba cha plastiki isichezecheze. Nimechukua nene iliyoandikwa 5000 na nyembamba iliyoandikwa 2600. Muuzaji akanishangaa. "Dada, ya 9900 ipo, mbona unachukua hizi?" Nikamwekea zote mkononi, moja moja, apime uzito. Akacheka, akairudisha ile ya 9900 kwenye boksi.

Nimerudi kabla jua halijazama. Mlango nimeuegemezea meza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimezijaribu kwenye stoo ya dawa, tochi kwenye mwanga mkali, dirisha limefunikwa. Ile ya 9900 imekufa kabla ya chai. Ya 2600 imefika mchana. Umbo moja, maandishi tofauti, na yenye namba ndogo ndiyo ya kweli. Nyembamba naichaji usiku huu. Kesho zamu ya nene.

Fisi amesikika tena. Watu hawamtaji kwa jina. Wanasema "yule".

Ijumaa, 10 Oktoba

Nene imewaka karibu kutwa. Haikupungua ghafla, imefifia taratibu kama jioni. Nimefurahi mno. Nimeiweka kwenye chaja, kitaa chekundu kikawaka, na baada ya muda mfupi umeme ukakatika kijiji kizima.

Kwa hiyo nene haijulikani ina nini ndani. Nyembamba imejaa. Simu nayo chaji iko chini.

Kuna mtu anapiga hodi. Baba Somoe.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sijalala. Niandike hivyo hivyo.

Mama Somoe, mimba yake ya pili, uchungu ulimshika huko shambani. Wamehamia kwenye kibanda tangu korosho zianze kudondoka. Pikipiki zimekwenda Newala, na njia ile ni mchanga mtupu, pikipiki yenyewe inazama. "Mama Faraja," akaniambia Baba Somoe, "hawezi kutembea. Kichwa kinakaribia." Nilitaka kusema hapana. Mdomo ulifunguka kusema hapana. Nikachukua mkoba wa kuzalishia na betri zote mbili.

Giza lilitukuta njiani. Yeye mbele na panga, mimi nyuma. Nikaweka nyembamba. Na hapo ikabidi nichague. Mwanga mkali ungenionyesha pori lote, lakini nimeshapima, najua unaisha lini. Nikiumaliza njiani nitamzalisha mtu kwa kupapasa. Nikaweka mwanga mdogo. Ukanionyesha visigino vya Baba Somoe, basi. Pande zote nyeusi. Kitu kikavunja kijiti kushoto kwetu. Tukisimama, kinasimama.

"Usiwashe sana, mama," akanong'ona, "mbakizie mke wangu."

Nilikojoa kidogo. Naandika kwa sababu ni kweli.

Kibandani mama mkwe alikuwa amemshika mabegani. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu, fanya haraka." Nikawasha mwanga mkali. Mtoto akatoka mwenyewe, wa kiume, akalia. Kondo likafuata. Kisha damu. Haikuwa damu ya kawaida. Nikachoma sindano, nikaanza kukanda tumbo, mama mkwe ameshika tochi. Mwanga ukaanza kupungua mikononi mwake. Nikamwambia azime. Nikakanda gizani, namsikiliza Mama Somoe akipumua, na nje kile kitu kinapumua pia, au ni Baba Somoe, sijui.

Nikatoa nyembamba, nikavua plastiki, nikapapasa ncha ya nene. Nikaigeuza kinyume mara ya kwanza. Haikuwaka. Nilidhani nimemwua mtu. Nikageuza tena.

Ikawaka. Nikaangalia: damu imepungua. Tumbo la uzazi limekuwa gumu kama linavyotakiwa. Nikateremsha mwanga, nikaiweka juu ya mkoba. Kile kidogo kilichokuwa kimeingia kwenye nene kabla umeme haujakatika kikatufikisha asubuhi.

Mama mkwe hakulala. Aliimba kwa Kimakonde, polepole, kuelekea mlangoni. Sikuelewa maneno. Nilielewa kwamba na yeye anaogopa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Umeme umerudi jana. Bibi wa Newala anaendelea vizuri, wamemshona.

Mchana nimekwenda kumwangalia Mama Somoe. Yuko nyumbani kijijini, wamembeba juzi kwa njia pana ya kuzunguka. Anakunywa uji, mtoto ananyonya, damu kidogo tu. Presha nzuri. Wamemwita Hamisi. Wamenipa korosho za kukaanga, nimekula nikiwa nimekaa mkekani na Somoe amenilalia pajani.

Nilisahau mkasi kibandani, nikaufuata peke yangu, jua la utosi. Njia fupi kabisa, ya kawaida. Upepo haukuwa umevuma tangu Ijumaa. Nyayo za Baba Somoe, pekupeku. Nyayo za viatu vyangu. Na juu ya viatu vyangu, ndani ya alama zangu zenyewe, nyayo nyingine zenye kucha. Hazikuwa pembeni. Zilitufuata kutoka kwenye mikorosho ya kwanza mpaka mlangoni, zikazunguka kibanda, na hapo yule akalala. Mchanga umebonyea mahali tumbo lilipokaa.

Nilichukua mkasi. Nikachanganya mchanga ule kwa kiatu mpaka pakawa sawa, Baba Somoe asije akapaona.

Kisha nikarudi kazini. Kulikuwa na foleni ya chanjo.