Tembe Zilizokatwa na Makasi

Wambui wangu,

Hapa Yamumbi tuko salama. Ng'ombe amezaa, mjomba wako ameanika mahindi uani, na asubuhi ukungu unajaa mpaka zizi halionekani. Nimefurahi kusikia mtoto anacheza tumboni.

Umeniuliza kama unaweza kumeza tu dawa ya maumivu kichwa kikiuma. Nilipokuwa na mimba ya mama yako, kichwa kiliniuma siku nzima. Mwenye duka akanikatia tembe mbili kwa makasi kutoka kwenye pakiti yake, kama wanavyokata mpaka leo.

"Meza, Mama, kila mtu anameza hizi."

Nikarudi polepole katikati ya mahindi, ukungu kila upande, kana kwamba natembea ndani ya usingizi. Hapo mama yako akanipiga teke. Nikasimama. Nikafungua kiganja nione ninachotaka kumpa, nikaona herufi tatu tu za jina la dawa. Sehemu nyingine ya jina ilibaki dukani.

Nikageuza njia, nikaenda kliniki nazo mkononi. Nesi akazigeuzageuza, akasema hata yeye hazijui. Kisha akanipima presha, akaacha kutabasamu. Presha ilikuwa juu sana; nililazwa siku hiyo hiyo.

Basi uliza kliniki kwanza, mpenzi, ni dawa gani na kiasi gani. Na kichwa kikikataa kupoa, usingoje kesho. Kama ningezimeza zile tembe, labda kichwa kingenyamaza, nami ningelala vizuri kabisa, na leo nisingekuwa na mjukuu wa kumwandikia.

Ni mimi, cucu yako.